Mama Kevo Si Jina

Mashine ya kukata karatasi haili picha kama inavyokula karatasi. Karatasi huingia kimya. Picha ni nene, ina ngozi kama plastiki, kwa hivyo mashine inaguna, inakwama, halafu inatoa upande wa pili vipande vyembamba kama sukuma wiki iliyokatwa na mtu mwenye haraka. Najua kwa sababu niliilisha mimi. Abla Nawal alisimama nyuma ya meza yake akisema yalla, yalla, tuharakishe. Dorcas alishika mdomo wa mfuko mweusi. Mimi nilikuwa natoa picha moja moja kwenye kopo la biskuti na kuitumbukiza. Mara mbili mashine ilipata moto tukaingoja ipoe, na katika kungoja huko hakuna aliyebadili nia, hata mimi. Karibu na mwisho ikatokea ya Mama Kevo, ameshika fimbo ya mopu begani kama askari wa gwaride, anacheka. Niliiingiza kuanzia miguuni. Labda nilitaka uso ukae nje kidogo zaidi. Kisha nikafunga mfuko, nikafagia vijinyuzi vilivyoanguka chini, kwa kuwa kufagia ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Hiyo ilikuwa Riyadh, upande wa wanawake wa chuo kikuu kimoja, ghorofa ya pili ya maktaba. Chuo sikitaji, chuo ni majengo. Watu nitawataja.

Mimi naitwa Jenipher Atieno Okech. Nimesoma hadi darasa la sita. Nimefagia nyumba za watu, kisha nikafagia chuo, na sasa magoti yamekataa, nimekaa. Nyinyi mnaojiandaa kwenda huko mnanijia hapa nyumbani kuniuliza mbebe nini. Mnatarajia niseme unga wa ugali, dawa za tumbo, sweta la ndege. Bebeni, sikatai. Lakini mimi nawaambia mbebe penseli, na mnacheka. Basi kaeni niwaeleze penseli ni ya nini.

Nilikwenda miaka ile maajenti walikuwa wanaingia hadi vijijini kwetu, kila wiki gari, kila wiki wasichana wanapimwa damu. Nilitua Jeddah, nyumba moja ya Ruwais, nikakaa miezi minne kwa madam ambaye hakuweza kutamka Jenipher akaniita Mariam. Kisha baba wa nyumba akanikodisha kwa mtu anayeitwa Sabri. Huyu Sabri alikuwa na kandarasi ya usafi kwenye chuo huko Riyadh, na badala ya kuleta wafanyakazi kwa njia yao, alikuwa anaokota wanawake kwa makafili, yaani waajiri walioandikwa kwenye viza zetu. Tulipakiwa kwenye basi dogo tukavuka jangwa mchana kutwa. Kwenye ikama yangu, ile kadi ya ukaazi, kazi ilibaki ni ya nyumbani, kafili ni yule wa Jeddah. Kwa hivyo karatasi zinasema kila siku niliyosugua ngazi za chuo Riyadh, nilikuwa Jeddah ninapika wali. Tulikuwa tunacheka habari hiyo kwenye fleti yetu ya mtaa wa Shumaisi, Riyadh. Mama Kevo alikuwa anasema, "Leo mimi nimechoka mara mbili, hapa na kule Jeddah."

Tulicheka bila kujua tunachocheka. Mtu ambaye karatasi haimjui, siku akihitajika kuwa alikuwepo, hakuwepo.

Aliyenifundisha hayo ni Bi Salama. Bi Salama alikuwa farasha, hivyo ndivyo wanavyomwita mwanamke anayepika chai ofisini, anayefungua vyumba na kubeba mafaili. Si wa Sabri, alikuwa mwajiriwa wa chuo mwenyewe, wa zamani kuliko lifti. Wazazi wake walitoka Unguja mwaka ule wa mapinduzi, yeye akakulia Hijazi, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha nyumbani kwao, safi hadi kinatia aibu. Siku ya kwanza alitukuta mimi na Mama Kevo tunagombania ndoo. Akasimama mlangoni na sinia lake la vikombe.

"Nani hawa wanaosema Kiswahili kama wanatafuna kokoto?"

"Ni sisi, mama," nikasema.

"Nyie wa Kenya?"

"Ndiyo."

"Nimejua. Hebu mwachie mwenzio ndoo, mje mnywe chai. Kokoto hazishuki bila maji."

Kwenye chumba chake cha chai, nyuma ya katoni za sukari, aliweka kopo la bati la biskuti. Ndani yake mlikuwa na picha. Nyingi zilikuwa ndogo, zile za pasipoti. Nawaambia ujanja wake: picha za pasipoti hutoka nne au sita, ofisi inachukua mbili, zinazobaki mtu huzitupa au husahau kwenye bahasha. Bi Salama alikuwa anaziomba. Kila mwanafunzi mweusi aliyepita pale, wa Komoro, wa Nijeria, wa Senegali, wa Sudan, na weusi wa nchi yenyewe ambao wako wengi kuliko mnavyodhani, na kila farasha mwenzake, na mwalimu mmoja wa hesabu. Nyuma ya kila picha aliandika kwa Kiarabu jina la mtu, la babake, la babuye, alikotoka, na alichokuja kufanya.

Nilimwuliza za nini. Akanipeleka kwenye ukumbi wa mbele, mlimopachikwa picha kubwa za chuo tangu kilipoanza.

"Tazama uniambie unamwona nani wa rangi yetu."

Nikatazama. Sikumwona.

"Na mimi nilikuwapo siku wanazipachika," akasema. "Niliwashikia ngazi."

Basi nikaanza kumsaidia. Sisi tuliokuja na Sabri hatukuwa na mahali popote, hata kwenye daftari la farasha, kwa hivyo Bi Salama akasema wa Kenya niwakusanye mimi. Hapo ndipo nilipokosea, mara ya kwanza kwa kuchekesha, mara ya pili sivyo.

La kuchekesha ni hili. Nilichukua biro, nikaandika nyuma ya picha ya mwanamke mmoja wa Kisii kwa nguvu zote za darasa la sita. Bi Salama alipoigeuza akakuta maandishi yametokeza mbele, mstari chini ya pua.

"We mwana, umembonyeza mama wa watu mpaka ameota masharubu."

Ndiyo maana nasema penseli, tena iliyo laini, na usibonyeze. Weka picha juu ya kioo au kigae, si juu ya goti. Usifunge picha kwa mpira wa kufungia noti, joto la Riyadh huuyeyusha mpira ukashika uso wa mtu na hautoki. Tenganisha kila moja na nyingine kwa karatasi ile ya kuokea keki, jikoni hazikosi. Na ukishuka Jeddah usizilaze picha uso kwa uso hata kidogo. Riyadh hewa ni kavu hadi midomo inapasuka, lakini Jeddah ina unyevu wa bahari, picha zinanata, na ukizibandua kila mmoja anaondoka na kipande cha mwenzake.

Kosa la pili lilihusu majina. Niliandika kama tunavyoitana sisi. Mama Kevo. Mama Shiru. Mama Brayo. Mama Pendo. Niliona nimefanya kazi safi. Bi Salama akazipitia moja moja, miwani imeshuka puani.

"Huyu nani?"

"Mama Kevo."

"Kevo namjua ni mwanawe. Yeye nani?"

"Ndiye huyo. Mama Kevo."

"Na huyu?"

"Mama Shiru."

Akaziweka chini. "Wakenya nyie mnaitana kama kuku, kila mmoja anajulikana kwa vifaranga vyake. Mtoto akikua akaja kumtafuta mamake hapa, aulize nani? Amtafute mamake kwa jina lake yeye mtoto?"

Nilisema nitarekebisha. Na nilikuwa na nia. Lakini nyinyi mnajua kwetu, mwanamke mzima humwulizi jina lake la kitambulisho. Ukimwuliza anadhani unamshtaki. Na pale chuoni aliyekuwa na majina yetu yote, na nakala za pasipoti zetu, alikuwa Dorcas Mwende, Mkenya mwenzetu aliyefagia nasi mwaka mmoja kisha Sabri akampa funguo na orodha, akawa msimamizi. Nikimwuliza mtu, "Kwani wewe unaitwa nani kamili?" anashtuka, "Dorcas amekutuma?" Kwa hivyo nikaahirisha. Mama Kevo mwenyewe nilimwuliza mara moja tukikausha ngazi. Akasema, "Unataka kunioa?" Tukacheka, ikapita. Nilikaa na mwanamke huyo miaka mitatu, nikala naye sahani moja, na sikujua jina lake.

Picha yake ile ya mopu alipigwa na mwanafunzi wa Komoro siku ya mahafali yao. Simu za kamera hazikuruhusiwa kuingia upande wa wanawake, walinzi wa langoni walikuwa wanapekua mikoba, lakini siku ya mahafali walilegeza, na binti huyo alikuwa na kamera ndogo ile inayotema picha papo hapo. Akamwambia Mama Kevo, kila asubuhi umeniamkia kabla ya mwalimu yeyote, njoo. Akampiga mbele ya mlango wa ukumbi, jina la chuo linasomeka juu ya kichwa chake. Picha akatuachia sisi.

Bi Salama akastaafu, akahamia Jeddah kwa kaka yake, Ruwais hiyohiyo. Kopo akaniachia. Maneno yake yalikuwa machache: "Lisitoke mkononi mwako. Mtu akitaka kuona, aje aone."

Mwaka uliofuata Mama Kevo aliugua kifua. Alifagia nacho wiki mbili kwa sababu Dorcas alisema kila mtu anakohoa, ni vumbi. Alipopelekwa hospitali hakurudi. Karatasi aliyoitoa Sabri ya kusafirishia mwili ilisema marehemu alikuwa mfanyakazi wa nyumba ya fulani, Jeddah. Hakuna chuo humo. Niliisoma mwenyewe, neno kwa neno, mkononi mwa dereva aliyekuja kuuchukua mwili.

Hapo ndipo lile kopo likaacha kuwa mchezo wa kustarehesha wakati wa chai. Nilijua kuna kitu kimoja tu duniani kinachoonyesha yule mwanamke alisimama wapi.

Sasa sikieni nilivyolipoteza. Chuo kilitangaza maonyesho ya historia yake kwenye maktaba ya wanawake. Bango lilisema mwenye picha za zamani alete, zisizofaa zitarudishwa kwa wenyewe. Mkubwa wa shughuli hiyo alikuwa Abla Nawal. Abla ni kama kusema mwalimu. Nilivaa abaya safi nikampelekea kopo zima. Sikumwuliza Bi Salama. Sikubakisha hata moja. Sikuomba karatasi ya kupokelewa. Nilikuwa na kichwa kikubwa siku hiyo, naona kabisa Mama Kevo atapachikwa ukutani na mimi ndiye nitakayeshika ngazi.

Wiki mbili kimya. Wiki ya tatu nikaitwa kubeba bahasha. Abla Nawal alikuwa ameamua kwamba picha za wanawake wasiojifunika hazifai kuonyeshwa, kwa hivyo zilizoletwa na familia kubwa zinarudi. Kila moja ilikuwa ndani ya bahasha iliyogundishwa, jina juu, na mimi nikizigawa ofisi kwa ofisi, salamu alaikum, salamu alaikum. Nikafikiri, vizuri, na zetu zinakuja.

Nilipomaliza nikaambiwa nirudi ghorofa ya pili. Mashine ilikuwa imeshawashwa. Kopo liko wazi juu ya meza, na Dorcas yuko hapo.

Abla Nawal alichukua picha ya Mama Kevo akaigeuza. Alisoma polepole, kwa kuwa niliandika kwa herufi zetu.

"Mama Kivu. Hili ni jina?"

Nikamwambia ni mama wa mtoto anayeitwa Kevo.

"Nikirudisha, nimrudishie nani? Mtoto?" Akamgeukia Dorcas. "Wewe unawajua hawa?"

Dorcas alikuwa na orodha. Orodha ilikuwa kwenye ule mkoba wake wa kijani, begani, pale pale. Mama Kevo alimpakia yeye mwenyewe kwenye gari la hospitali, kwa mikono yake miwili. Akasema, "Mafi, hakuna, madam. Siwajui. Mimi sijui nani alipiga hizi picha."

"Halas, basi," akasema Nawal. "Hazina mwenyewe."

Ninyi mtasema aliogopa. Aliogopa, ndiyo, kamera ilikuwa marufuku na yeye ndiye msimamizi. Lakini kabla sijaingiza ya kwanza, alitia mkono kwenye kopo akachakura, akatoa picha ndogo ya pasipoti, yake mwenyewe, ya siku alipokuwa bado anafagia nasi. Akaitia kwenye mkoba wa kijani. Hakuniangalia. Hivyo alijua picha ni kitu cha kuokolewa. Aliokoa moja.

Nimebeba lawama yangu. Niliandika majina yasiyo majina, nikatoa kopo mkononi. Siikwepi. Lakini msiniachie yote, maana kuna jambo Nawal hajalisema. Picha za Wakenya zilikuwa chache. Zilizojaa humo ni zile za Bi Salama, zenye majina matatu matatu kwa Kiarabu kizuri, na wengine walikuwa wanafunzi wa chuo hicho hicho, mafaili yao yako chini kwenye chumba cha kumbukumbu, na baba zao wana simu. Nilimwonyesha moja. Nikamwambia, "Abla, hii ina jina." Akasoma jina lote, la binti, la baba, la babu. Akaniambia, "Endelea."

Siku kumi baadaye Sabri akanirudisha Jeddah, akasema ninaleta maneno. Kafili akasema hanitaki tena, akaniacha mtaa wa Karantina kwenye chumba cha wanawake wanaongoja kusafiri, Wahabeshi, Wanijeria na sisi. Ijumaa ya kwanza nilikwenda Ruwais kwa miguu. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Bi Salama akafungua mlango, akaniangalia mikono.

"Liko wapi kopo?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, amekaa kitandani, anakunja na kukunjua pindo la kanga. Niliposema nimezitia mimi mwenyewe akafumba macho.

"Ulizitazama?"

"Zipi?"

"Ulipokuwa unazitia. Ulizitazama, au ulifumba macho kama mjinga?"

"Nilizitazama, mama."

"Basi nenda dukani kanunue daftari."

Ijumaa tano mchana nilikaa kwenye mkeka wake. Mimi naeleza sura ninayoikumbuka: huyu ana mwanya, huyu kovu la nyusi, huyu amevaa miwani ya kiume. Yeye anasema jina. Wakati mwingine anasema, "Subiri, hilo la babuye limejificha," anakwenda kuswali, anarudi nalo. Tulipata karibu wote wa kwake. Daftari ninalo. Nimeliandika kwa penseli, nikalinakili mara mbili, moja iko kwa binti yangu Faith, moja kwa mtu mwingine ambaye sitamtaja hata kwenu. Hilo nalo mjifunze: nakala isiyojulikana iko wapi ndiyo nakala.

Wa kwetu walikuwa kumi na mmoja. Mimi ndiye niliyetakiwa kuwa Bi Salama wao. Sura zote ninazo kichwani, majina sina. Bi Salama alipofika kwao aliacha kurasa kumi na moja wazi, akaandika namba tu juu. Hakunisema. Afadhali angenisema.

Mwaka jana simu iliita, sauti ya kijana.

"Auntie, mimi ni Kevo. Nilipewa namba yako na watu wa kanisa. Uko na picha ya mum akiwa kazini?"

Nikamwambia sina, nikamweleza kwa nini. Akasema kwamba shuleni na kila mahali anaandika mamake alikuwa mboch, mfanyakazi wa nyumbani, Jeddah, kwa kuwa ndivyo karatasi inavyosema, na nyanya yake peke yake ndiye anayesisitiza kwamba alikuwa chuo kikuu, na watu wanamwona nyanya amechanganyikiwa.

"Nyanya yako hajachanganyikiwa," nikasema. "Mama yako aliitwa nani?"

"Everlyne Nekesa Barasa."

Nikaomba arudie, niandike. Nikajaza ukurasa mmoja. Nikamweleza mlango ule, mopu ile, na jina la chuo juu ya kichwa. Wamebaki kumi.

Nikampigia Dorcas. Yuko nchini siku hizi, ana duka la mapazia na kiti cha mbele kanisani. Alifurahi hadi aliposikia ninachotaka.

"Mama Faith, hayo mambo yalikwisha. Mbona unafukua?"

"Nataka ile orodha. Majina ya watu kumi tu."

"Nilitupa."

"Na picha yako ulitupa?"

Akakata simu.

Kwa hivyo haya niliyowaeleza nayaandika pia, hapa ambapo hawezi kukata. Sabri, uliyeandika Jeddah juu ya mwanamke aliyefia Riyadh, sema uliandika hivyo kwa amri ya nani. Abla Nawal, jibu ni kwa nini zenye majina pia zilikatwa. Na wewe, Dorcas Mwende, uliulizwa unawajua ukasema huwajui. Ninakuuliza swali hilohilo mara ya pili, mbele ya watoto wao. Mama Shiru ni nani? Mama Brayo ni nani? Mama Pendo ni nani? Kurasa ziko wazi. Jibu.